Ombi la Kupanda Bure

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Wekundu wameshusha tena! Nusu saa sasa ni faranga hamsini – sisi bado mia. Nimeona kwenye simu nikiwa napiga mswaki, nikasahau hata kusukutua. Hamsini! Watu hawa wanakula nini?

Ofisini hakuna aliyenisalimia vizuri. Mugenzi, bosi wetu, alikuwa amesimama dirishani anatazama baiskeli nyekundu zinavyopita barabarani. Nikamwambia bosi acha hiyo, utaumwa kichwa. Akasema kinauma tayari.

Nijiandikie ukweli hapa, maana kwingine siwezi kuusema. Mimi ndiye ninayepanga bei pale Pedali. Baiskeli za njano za kukodi, za kukanyaga kwa miguu, hazina mota. Na mume wangu Shema anafanya kazi Veloko, hao hao Wekundu, tangu Julai. Zao zina mota, zina betri, zina pesa ambazo hakuna anayejua zinatoka wapi. Tangu yale mashindano ya dunia ya baiskeli mwezi uliopita mji mzima unataka kukanyaga pedali, na wao ndio wanaofaidi.

Shema alipopata ile kazi tulipiga magoti tukashukuru. Alikuwa amekaa nyumbani karibu mwaka, na mwanaume akikaa nyumbani mwaka mzima anaanza hata kuogopa kuomba chumvi. Tukawekeana sharti: kazi inabaki mlangoni na viatu. Hakuna kuulizana. Cyprian, anayesimamia vijana wetu wa kutunza baiskeli barabarani – mtu wa Ngara, tunatoka mkoa mmoja – anasema kwangu Simba na Yanga wanalala kitanda kimoja. Huwa nacheka. Leo sikucheka sana.

Jioni Shema aliuliza kuna chakula gani. Nikasema maharage. Akasema asante. Ndiyo mazungumzo yetu ya leo, yote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeshuka Nyabugogo na Cyprian kuangalia kituo. Aibu tupu. Baiskeli zetu zimejazana pale chini kama mbuzi mnadani. Nyekundu nazo vilevile. Tukapanda juu Gatsata – kituo kitupu! Vyuma tu vimesimama. Mji huu ni vilima. Asubuhi kila mtu anashuka kwa baiskeli, upepo usoni, raha. Jioni kila mtu anarudi juu kwa moto, yaani bodaboda – anampa dereva wa pikipiki hela yake, sisi anatusahau. Tunabaki kukodi lori kupandisha baiskeli kila siku. Lori ndilo linatumaliza, wala si hiyo hamsini ya Wekundu.

Nilisimama pale na hasira zangu. Nikaona watu wanavyopanda mlima kwa miguu. Akina mama na mizigo kichwani. Mafundi wa gereji. Nauli ya moto hawaiwezi. Wanapita kando ya baiskeli zetu zilizokaa bure, zinatazamana! Nikamwambia Cyprian: hivi sisi tunamlipa dereva apandishe baiskeli, na hawa wanapanda wenyewe kila siku? Si wapande nazo? Anayepanda halipi kitu. Anayeshuka alipe mia yake kama kawaida. Mlima ukiwa mkali asukume, mzigo auweke kwenye kapu – bado ni afadhali kuliko kichwani.

Cyprian akakakamaa akanipigia saluti, palepale barabarani, watu wanatazama. Mjinga yule! Lakini moyo wangu ulikuwa unaruka. Miaka mingapi napanga bei, na leo ndiyo nimeona kitu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mugenzi amekubali! Kiswahili chake ni cha Kampala, alikulia huko: "Frida, hii kitu iko sawa. Iko sawa kabisa." Akaamka akazunguka meza. Sijamwona akizunguka meza tangu mwaka jana.

Kuna bwana anaitwa Norman, mwenye fedha, anatoka Nairobi. Anakuja Jumapili hii, tarehe 19, siku isiyo na magari. Tutaanza siku hiyo mbele ya macho yake. Akipenda, anaweka pesa, tunavuka Krismasi. Asipopenda – Mugenzi hakumaliza, na hakuna aliyemwambia amalize.

Tunaojua ni watatu. Mugenzi, Cyprian, mimi. Bosi alisema Wekundu wasisikie hata harufu. Wao wana mota. Wakianza kabla yetu, hatuna cha kumwonyesha mtu. Aliposema Wekundu alinitazama. Kidogo tu. Nikamwambia bosi, nyumbani kwangu hakuna ofisi. Akasema najua, pole.

Sikumwambia Shema. Nilitamani! Nilimkuta anapiga pasi shati ambalo alishalipiga jana. Muda wake wa majaribio unaisha wiki hii, nafikiri ndicho kinachomsumbua. Sikuuliza, ndilo sharti. Nikampa chai.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumetoka kwenye maombi sasa hivi.

Kila Jumatano tunakutana kwa Mama Kamikazi, hapa hapa Kanombe, nyumba ya nne kutoka kwetu. Wanyarwanda waliokulia Tanzania, na sisi wa kule tulioolewa huku. Tunaomba kwa Kiswahili. Shema alikulia Uganda, lakini huja kwa ajili yangu. Mama Kamikazi alikuwa nesi na sauti yake bado ni ya wodini. Ndege zikipita juu ya bati tunanyamaza, zikishatua tunaendelea pale tulipoishia.

Desturi yake ni moja: ombi lazima ulitaje wazi. Ukisema "nina jambo langu moyoni" atakukatisha. Mungu analijua, atasema, lakini sisi hatulijui, tuombe gizani? Basi kaka Bruce akataja pasipoti yake. Mwingine goti. Ikafika zamu yangu. Nikasema niombeeni kazini. Mama Kamikazi akauliza kazini nini. Nikasema kuna bei mpya. Bei gani, mwanangu? Na mimi siku zote hizo nimefunga mdomo, nimejaa mpaka hapa – nikasema. Kupanda bure. Jumapili. Mtu wa Nairobi. Yote!

Wakaniwekea mikono. Mama Kamikazi akapaza sauti, Bwana fungua mlango, watu wako wapande bure katika mji huu! Amina ikatikisa vikombe. Mkono wa Shema ulikuwa begani kwangu. Niliujua bila kufungua macho, una uzito wake. Naye alisema amina.

Njiani nikamwambia nisamehe, nimevunja sharti letu. Akasema hapana, yale yalikuwa maombi, si kazi. Akanishika mkono mpaka getini. Najisikia mwepesi sana leo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wametangaza.

Asubuhi, kwenye simu, picha ya msichana anacheka juu ya baiskeli nyekundu. KUPANDA NI BURE. Kuanzia kesho. Maneno yangu! Hata hawakujisumbua kuyabadilisha!

Nilikwenda chooni nikakaa, nikasoma tena na tena, labda nimesoma vibaya. Nilipotoka Mugenzi alikuwa ametuita mimi na Cyprian. Hakufoka. Angefoka ningeshukuru. Aliuliza tu, nani alimwambia nani. Cyprian akaapa hata mkewe hajui. Wakanigeukia. Nikasema mimi – mimi nililiombea.

Mugenzi akauliza kuliombea ndiyo nini. Nikaeleza. Kikundi, Kanombe, kila mtu anataja ombi lake. Nikajisikia navyoeleza, kama mtoto aliyevunja chungu anamsingizia paka. Akauliza mumeo alikuwepo? Nikasema alikuwepo. Akafumba macho.

Cyprian alicheka, kile kicheko cha msibani. Akasema dada, wenzetu wanaibiwa kompyuta, sisi tumeibiwa kwenye maombi!

Nikasema watu wengi walisikia. Madirisha yalikuwa wazi, Mama Kamikazi anaomba kwa sauti ya kuamsha mtaa. Inaweza kuwa yeyote. Mugenzi akasema ndiyo, Frida, inaweza kuwa yeyote. Alisema kwa upole. Ule upole ndio ulioniua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemuuliza. Shema, ni wewe?

Alikuwa anafunga kamba za viatu, leo wanafanya kazi, leo ndiyo siku yao kubwa. Akasema watu wengi walisikia. Nikasema sikuuliza wangapi walisikia. Akasema anachelewa.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Mtu asiye na kosa husema hapana kabla hujamaliza swali. Au sivyo? Mimi najuaje. Nimefua mapazia yote ya nyumba.

Jumapili, 19 Oktoba

Norman alikuja. Kijana kabisa! Raba nzuri, maneno machache. Barabara haina magari, watu wamefurika, watoto, mbwa, mabalozi wanakimbia na kaptula. Tumesimama chini ya mlima na baiskeli zetu za njano na bango letu. Tulianza hivyo hivyo, tungefanyaje.

Watu walizichukua, sitasema uongo. Akina mama waliweka mizigo kwenye kapu, wakasukuma, wakatuombea baraka. Lakini hapo hapo kando yao nyekundu zinapanda, vuuu, mtu amekaa wima, hata hatoki jasho. Bure pia. Nikaona macho ya Norman yanavyozifuata mpaka juu. Aliuliza swali moja tu: wenzenu wameanza lini? Mugenzi akasema jana. Norman akatikisa kichwa, akanywa maji, akatutakia kila la heri. Mtu akikutakia kila la heri saa tatu asubuhi, ujue ameshapanda ndege.

Halafu nikasikia naitwa. Frida! Frida mwanangu! Mama Kamikazi, kofia ya jua na sketi ndefu, anateremka kutoka kwenye baiskeli nyekundu. Amepanda mlima mzima akarudi, na umri wake ule! Anapiga makofi. Bwana amejibu! Watu wanapanda bure! Nikamwambia mama, hao si sisi. Akasema eti? Nikamwambia mama, sisi ni njano. Wale ni wengine. Wametuchukulia.

Alisimama pale na ile baiskeli. Nikaona furaha inavyomtoka usoni pole pole. Mwisho akasema, basi tuliomba vibaya, hatukutaja jina la kampuni. Na hakuwa anatania! Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mti, mpaka nikawa silii wala sicheki, halafu nikawa nalia tu. Akanikumbatia na jasho lake. Ihangane, vumilia, ihangane – anachanganya Kinyarwanda na Kiswahili. Watu wakapita wakikimbia.

Jumanne, 21 Oktoba

Norman amekataa. Kwa heshima zote, lakini amekataa.

Vijana wa barabarani wanaondoka mwisho wa mwezi, na Cyprian pamoja nao. Ana watoto watatu Kabuga na nyumba haijaezekwa. Nilikwenda kumtafuta stoo. Alikuwa anapaka minyororo grisi, sijui anampakia nani. Nikasema Cyprian. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, dada. Hakutaja jina. Akaendelea kupaka.

Ningependa anitukane. Tumekula wote mezani miaka minne, harusi yangu yeye ndiye alikaa upande wa ndugu, maana ndugu zangu hawakupata nauli. Alipokea hata ng'ombe kwa niaba ya baba.

Mchana Mugenzi akaniita peke yangu. Wakili wake anasema hivi: ikijulikana mfanyakazi wa Veloko alibeba mpango wetu, kuna kesi. Kukiwa na kesi watalazimishwa kusimamisha ile bei, na Norman amesema akisikia hivyo atafikiri upya. Labda. Cyprian anabaki, vijana wanabaki. Labda. Lakini bila mtu wa kusema, hakuna kitu. Akasema sikulazimishi. Akasema najua ni mumeo. Akasema wewe tu ndiye unaweza kujua.

Nikamwambia sijui kitu, bosi. Na ilikuwa kweli. Leo bado ilikuwa kweli.

Jumatano, 22 Oktoba

Sikwenda kwenye maombi. Nilisema kichwa. Shema alikwenda peke yake – yeye, ambaye alikuwa anakwenda kwa ajili yangu!

Kabla hajarudi Mama Kamikazi amepiga simu. Hongera mwanangu! Hongera ya nini, mama? Kumbe hujaambiwa? Shema amesimama ametoa ushuhuda. Amethibitishwa kazini, tena amepandishwa, sasa ana watu chini yake. Amelia mbele ya watu, mwanangu, mwanaume mzima. Nikasema ndiyo mama, tunashukuru mama.

Yaani cheo cha mume wangu nimekisikia kwa jirani.

Aliingia, akavua viatu, akaweka mezani ndizi alizopewa aniletee. Ndizi za kupika, za Bukoba kabisa, Mama Kamikazi sijui huwa anazitoa wapi. Nikamenya. Nikapika. Tukala. Nilisubiri aseme, yeye anasubiri niulize, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa kwa kula.

Jumamosi, 25 Oktoba

Amesema.

Leo umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mtaa mzima tumetoka na majembe kuzibua mfereji ule wa chini, mvua zimeanza na maji yanaingia kwa watu. Mimi na chepe, yeye na jembe, tumesimama mferejini bega kwa bega kama kila mwisho wa mwezi. Majirani mbele, majirani nyuma. Mkuu wa mtaa anapita anasalimia.

Bila kuniangalia akasema, "Frida, ni mimi."

Nikaendelea kutoa tope. Akaendelea kulima. Alisema yote hivyo hivyo, kwa vipande, kila jembe na kipande chake. Kwamba Alhamisi ile, kesho yake tu baada ya maombi, mkubwa wao aliwaita wale wa majaribio. Kila mmoja alete kitu kipya, asiye na kitu asirudi Ijumaa. "Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na hiyo tu." Hiyo! Hiyo yangu! Kwamba alisema ni ya kwake. Kwamba alifikiri wataianza mwakani, hakujua wataianza wiki ile ile.

Nikasema Shema, nilikuwa naomba. Sikuwa natangaza.

"Ulisema mbele ya watu."

Nilisema mbele ya Mungu!

"Ndiyo. Na watu walikuwepo."

Nilitaka kumpiga na chepe. Nasema kweli, mkono ulikaza. Lakini mama mmoja wa jirani alikuwa anatuita tusogee, tope linamwendea, na mimi nikasema samahani mama, tunasogea. Tukasogea.

Akasema nyinyi mlikuwa mnakufa tu, wewe mwenyewe ulilia hapa mwezi wa sita ukasema Pedali haifiki Desemba. "Mmoja wetu ilikuwa lazima abaki na kazi. Mimi siwezi kurudi kukaa nyumbani tena, Frida. Siwezi." Nilimjua yule mtu. Ni yule wa mwaka jana, anayeuliza chumvi iko wapi kwa sauti ya chini, kana kwamba nyumba si yake.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Mkono wako ulikuwa begani kwangu. Ile amina ilikuwa ya nani?

Akasimama na jembe. Akasema, "Usiku ule ilikuwa ya kwako. Nilianza kufikiri asubuhi."

Na namwamini! Hapo ndipo ubaya ulipo. Angekuwa mwongo ningejua pa kumweka. Baada ya kazi tulikaa kwenye mkutano wa mtaa, kwenye nyasi, wakatangaza mambo ya takataka na mambo ya mbwa, watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilimpigia mama Bukoba. Nikamwambia nusu, akaelewa yote, ndivyo alivyo. Halafu akasema mwanangu, baba yako alinifanyia mambo na sikuwahi kuyatoa nje ya mlango. Nikauliza na ulipata nini mama? Akasema nilipata nyinyi.

Kisha akaniuliza huyo Cyprian ana watoto wangapi. Nikasema watatu. Akasema oh. Akaniaga.

Jumatatu, 27 Oktoba

Cyprian amekabidhi funguo za stoo. Amenikabidhi mimi, kwa mikono miwili, bila mzaha hata mmoja. Mtu ambaye hajawahi kunipa hata kalamu bila mzaha!

Mugenzi kasema atakuja nyumbani kesho jioni. Si na wakili, peke yake. Akasema ofisini utaona aibu, na kwenye simu mtu anaweza kukata. "Utaniambia neno moja tu, Frida. Ni yeye au si yeye. Ukisema si yeye, sitauliza tena mpaka kufa."

Sikumwambia sijui. Haikuwa kweli tena.

Jumanne, 28 Oktoba

Mugenzi yuko sebuleni. Mimi nipo chumbani, nimesema nabadilisha nguo. Nimeshabadilisha. Nimekaa kitandani naandika kama mwendawazimu.

Mchana kutwa nilipanga nitasema nini. Nilipanga kusema ni yeye. Nilikuwa na maneno kabisa, mafupi. Nilifikiria stoo, nikafikiria mikono miwili ya Cyprian na zile funguo, nikasema leo naongea, liwalo na liwe. Shema amerudi mapema. Nikamwambia Mugenzi anakuja, na unajua anakuja kufanya nini. Akasema najua. Akaenda kupika chai. Chai! Akatoa vikombe vya harusi.

Sasa nawasikia. Shema amefungua geti mwenyewe, akamkaribisha kwa Kinyarwanda, karibu sana, kaa hapa, pale springi ya kochi imetoka, itakuchoma. Wanaongea mambo ya mvua. Mugenzi anasema Gatsata ukuta umeanguka. Shema anasema eeh, ni hatari. Kijiko kinagonga kikombe. Mtu akipita nje atasema marafiki wawili.

Ameingia huku sasa hivi. Amefunga mlango, akasimama. Nilijua atapiga magoti. Niliomba apige magoti! Angepiga magoti, angesema Frida ninyamazie, fikiria nyumba yetu – ningetoka hapa mbio na kusema yote. Hasira ilikuwa imekaa tayari mdomoni.

Akanirekebisha kola ya gauni, ilikuwa imejikunja. Akasema, "Ukisema ni mimi, sitakataa." Basi. Akatoka, akafunga mlango taratibu, nikasikia anamwuliza bosi wangu kama anaongeza sukari.

Yesu wangu! Sasa nifanye nini na mtu kama huyu?

Mugenzi ameita. Frida, uko sawa huko? Nimesema niko sawa bosi, nakuja. Nimesema kwa sauti nzuri kabisa.

Vijiko vimenyamaza. Nimeshasema nakuja, na bado nimekaa, sijui nitatoka na neno lipi.